Choo kimeshanitia hasara, sasa nataka marumaru nyumba nzima. Fundi nimchague vipi?

Mwalimu wa Chake

Assalaam alaykum ndugu zangu. Naomba msaada wa mawazo kwa waliokwisha kuweka marumaru majumbani mwao, na khasa kwa mafundi wenyewe, kwa sababu safari hii sitaki kukosea.

Nipo Machomane, Chake Chake, Pemba. Nyumba ina vyumba vitatu, ukumbi, ujia na choo kimoja cha ndani. Nimeijenga kidogo kidogo kwa mshahara wa ualimu na karafuu za shamba alilotuachia marehemu baba. Sakafu mpaka leo ni simenti tupu isipokuwa chooni, ambako niliweka marumaru mwaka juzi. Choo hicho ndicho kilichonifanya niandike.

Fundi nilimpata kama tunavyowapata wengi. Jirani aliniambia yupo kijana, bei yake nzuri. Akaja, akasimama mlangoni, akatazama ndani kama dakika tano, akataja bei ya kazi yote. Hakupima kitu. Alitaka nusu ya pesa siku ile ile na mimi nikampa. Siku mbili kazi ikesha, na choo kilikuwa kinang'aa hata wageni nikawa nawaita wakione.

Wiki haikwisha nikagundua kuwa maji ya kuoga hayaendi kwenye tundu, yanakuja mlangoni. Mtu akijimwagia kata tatu tu, ujia mzima umerowa. Tukazoea kuyasukuma kwa kifagio cha mpira. Ilipopita masika, tailizi moja karibu na tundu ikaanza kucheza: ukiikanyaga, inatoa maji pembeni, meusi na yana harufu. Nikachukua kijiko nikaanza kugonga moja moja. Sakafuni zipo thelathini na saba. Kumi na nne zililia kama unagonga kifuu.

Haya yote ningeyavumilia. Lakini mwezi wa Shaaban mama yangu, ana miaka sabini na moja, alikuwa anatoka kutia udhu wa alfajiri akateleza pale pale mlangoni penye maji. Alhamdulillah hakuvunjika, ila mkono ulivimba na wiki tatu hakuweza kujifunga kanga mwenyewe. Nilikuwa namfunga mimi kabla ya kwenda skuli. Tangu siku ile nikisikia maji yanamwagika chooni moyo unanipiga.

Fundi nilimpigia. Mara ya kwanza alisema anakuja, mara ya pili yuko shamba, baadaye simu haikupokelewa tena. Simtaji na siombi mtu amtaje.

Sasa upatu wangu umeangukia mwezi huu na pesa ya karafuu ipo. Nataka nifanye nyumba yote. Nimezungumza na mafundi watatu. Wa kwanza wa hapa hapa Chake, anataka shilingi elfu nane kwa mita ya mraba. Wa pili yuko Unguja, anataka elfu kumi na mbili kwa mita, na nauli na chakula juu yangu. Wa tatu kasema laki nne nyumba nzima, choo humo humo, na ataanza kesho. Kwa kweli huyu wa tatu ananitia tamaa, lakini maneno yake yanafanana mno na ya yule wa mwanzo.

Vipimo nimevichukua mwenyewe kwa futi kamba. Ukumbi ni mita 5.2 kwa 4.1. Kila chumba ni 3.6 kwa 3.3, na ujia ni 6 kwa 1.2. Nataka marumaru za sentimita sitini kwa sitini. Dukani wamenihesabia katoni 45. Je, zinatosha? Na choo, kivunjwe chote au zitolewe hizo kumi na nne tu? Nimlipe fundi kwa mita, kwa siku au kwa kazi? Na mtu ambaye si fundi kama mimi nitamjua vipi anayejua kazi kabla hajagusa nyumba yangu?

Fundi wa Tomondo

Waalaykum salaam mwalimu. Mpe pole mama, na wewe pole. Kazi hii naifanya Unguja tangu 1998 na vyoo vya namna hiyo nimevivunja vingi, kwa hivyo nitakujibu kwa urefu.

Nianze na choo. Kivunje chote, sakafu mpaka chini. Ukitoa kumi na nne, zile ishirini na tatu zilizobaki zitakuwa zimekaa juu ya sakafu ile ile iliyolala upande wa mlango, na maji yataendelea kukujia. Mteremko hautengenezwi na marumaru wala gundi. Unatengenezwa kwenye sakafu ya simenti iliyo chini yake, na marumaru inaufuata. Nataka sentimita moja na nusu kwa kila mita. Kama kutoka mlangoni mpaka kwenye tundu ni mita mbili, basi pale kwenye tundu pawe chini kwa sentimita tatu. Mtu akisimama haioni, lakini maji yanaiona.

Kuhusu kulia kama kifuu, naweza kukuambia utakachokikuta bila ya kufika. Ukiigeuza tailizi utaona madonge matano ya udongo, manne pembeni na moja katikati, kama mtu aliyepanga maandazi kwenye sinia. Ndivyo wanavyobandika wenye haraka. Baina ya donge na donge pako wazi, maji yanaingia humo na kukaa, ndiyo hayo meusi yenye harufu. Gundi inatakiwa itandazwe kwa mwiko wa meno sakafu nzima, mistari yote ielekee upande mmoja, kisha tailizi iwekwe, isukumwe na igongwe kwa nyundo ya mpira mpaka mistari ivunjike. Chooni natia gundi na mgongoni mwa tailizi pia. Fundi akishabandika ya tatu au ya nne, mwambie aing'oe moja mbele yako. Ikiwa mgongo wake umejaa gundi kote, mwache aendelee. Ikiwa nusu kavu, msimamishe hapo hapo, na usione haya. Ni nyumba yako.

Kabla ya kubandika chochote chooni, sakafu mpya ikishakauka, ipakwe dawa ya kuzuia maji mikono miwili. Ipande ukutani kiasi cha shibiri, na upande wa kuogea ipande mpaka juu ya kichwa. Ikikauka, ziba tundu, weka kizuizi cha udongo mlangoni, jaza maji, piga mstari wa penseli ukutani pale yalipofikia. Yaache usiku na mchana. Kesho yake mstari na maji viwe pamoja. Kisha zibua tundu, maji yatoke, na umwite mtoto aje na gololi. Aiweke kila pembe. Kila inapowekwa iende kwenye tundu yenyewe. Ikisimama mahala, hapo ndipo maji yatakaposimama. Mimi gololi huwa naitembea nayo mfukoni.

Sasa hesabu. Vyumba vyako vitatu, ukumbi na ujia ni mita za mraba 64.16. Katoni ya sitini kwa sitini ina tailizi nne, yaani mita 1.44. Ukigawa unapata 44.6, ndipo dukani wakasema 45. Hesabu yao ni sahihi kama hakuna tailizi itakayokatwa wala itakayovunjika, na nyumba ya namna hiyo sijaiona. Ongeza asilimia kumi kwa kupanga moja kwa moja, uwe na katoni 50. Ukitaka zipangwe mshazari, ongeza asilimia kumi na tano. Halafu kuna skating, ule ukanda wa chini ya ukuta. Nikitoa milango, una kama mita 66 za ukuta, na ukikata kanda za sentimita kumi kutoka kwenye tailizi hizo hizo unahitaji katoni tano nyengine. Kwa hivyo 55. Zitakazobaki usizigawe. Ziweke uvunguni, siku bomba likipasuka utazitafuta.

Chooni usiweke za sitini. Tailizi kubwa haikubali mteremko wa pande nne, lazima ikatwe vipande au pembe moja inyanyuke. Weka za thelathini kwa thelathini, zisizong'aa, zenye uso wa kukwaruza kidogo mkononi. Dukani mwambie muuzaji akumwagie maji juu ya moja, uvue kiatu, ukanyage.

Kumjua fundi. Usimtake akuonyeshe picha kwenye simu, picha inapigwa siku ya kumaliza. Mwambie akupeleke kwenye choo alichokifanya miaka mitatu nyuma. Ukifika zungumza na mwenye kukiosha, si mwenye kukilipia. Muulize maji yanakwenda wapi. Kisha muulize fundi mwenyewe: "Ukiingia kwangu, kitu cha kwanza utafanya nini?" Anayejua atakwambia anapiga uzi na pimamaji, aone sakafu imepanda wapi na imeshuka wapi. Atagonga sakafu yako ya simenti asikie kama iko tupu chini, maana nyumba nyingi zimejazwa kifusi ambacho hakikushindiliwa, na kikishuka sakafu inapasuka pamoja na marumaru zake. Atakuuliza milango, kwa sababu sakafu itapanda kama sentimita mbili na milango itabidi iranduliwe. Atakuuliza maji unayoyatumia ni ya bomba au ya kisima. Asiyeuliza lolote akasema anaanza kesho, laki nne zake ni ghali kuliko elfu kumi na mbili.

Mchanga na maji viangalie wewe mwenyewe. Mchanga wa pwani usiingie ndani ya geti lako, hata uwe mweupe na mzuri vipi. Una chumvi, na chumvi itapanda kwenye maungio ikatoka kama unga mweupe, utafuta leo na kesho utaukuta. Maji ya kisima yaonje. Yakiwa na chumvi ulimini, tafuta ya bomba.

Malipo: vyumba kwa mita, choo kwa siku. Choo chako ni kidogo, kwa mita fundi hapati kitu, kwa hivyo atakimbiza kazi. Mlipe siku zake na umwambie hutaki haraka. Simenti, gundi na grauti, ule unga wa kuzibia maungio, nunua wewe. Usimpe nusu kabla ya kazi. Mpe cha kuanzia, mlipe chumba kinapokwisha, na fungu la mwisho libaki mkononi mwako mpaka wiki mbili zipite na umeshagonga kila tailizi kwa kijiko chako. Andikeni karatasi, kila mmoja atie saini, na kama sheha wenu yuko karibu ashuhudie. Fundi mzuri hachukii karatasi. Inamlinda na yeye, maana na sisi tunadhulumiwa mara nyingi.

Kijana wa Mtambwe

Fundi kamaliza mengi. Mimi nina la safari ya mzigo, kwa sababu lilinikuta.

Nilinunua katoni 30 Unguja, zikaja kwa chombo mpaka Mkoani, na kutoka Mkoani zikapanda gari. Vilima na kona za njia ile mnazijua. Katoni zilikuwa zimelazwa. Nilipofungua nyumbani, katoni nne za chini zimevunjika, na nyengine zimemeguka pembe. Tailizi zisafirishwe zimesimama kwa ubavu, kama vitabu kwenye kabati, zikibanana na zikiwa zimefungwa kamba. Katoni moja ya sitini inakaribia kilo thelathini, dada yangu, kwa hivyo 55 ni zaidi ya tani moja na nusu. Usikubali pikapu ndogo kwa safari moja. Na fungueni pale pale bandarini, mbele ya mwenye chombo, si nyumbani.

La pili ni rangi. Nilipopungukiwa nilirudi duka lile lile nikachukua jina lile lile, sura ile ile. Zilipowekwa, nusu ya ukumbi ikawa na weupe wa maziwa na nusu weupe wa mchele. Kumbe kwenye katoni kunaandikwa namba ya toleo na namba ya rangi, na zangu zilikuwa tofauti. Kila ikifika saa kumi jua likaingia dirishani, mstari unaonekana kama umechorwa. Nimeweka kochi juu yake. Soma kila katoni dukani kabla ya kulipa, zote 55 ziwe na namba moja. Ndiyo maana usinunue 45 ukidhani utaongeza baadaye.

La mwisho, grauti usitie nyeupe. Udongo wetu wa Pemba ni mwekundu, unaingia na miguu ya watoto. Kwangu ilikuwa nyeupe miezi mitatu, sasa ni rangi ya chai ya maziwa mlangoni na nyeupe pembeni. Watu huku wanatumia simenti nyeupe badala ya grauti kwa sababu ni rahisi. Inanyonya kila kitu na inapasuka. Chukua grauti yenyewe, ya kijivu.

Bi Mkubwa wa Wete

Mwanangu mwalimu, mimi si fundi, ni mtu mzima kama mama yako, na nataka niseme kwa upande wake.

Anza na choo. Vyumba havijamwangusha mtu. Nyumba yangu mimi ina sakafu ya simenti nyekundu tangu nilipoolewa, naisugua kwa kumvi na inang'aa, na sijaona aibu kwa mgeni yeyote. Ukumbi ukingoja mwaka mmoja hautakudai. Choo hakingoji.

Na kabla marumaru hazijabandikwa ukutani, mwambie fundi atie mishikio ya chuma, mmoja pale anapoinuka na mmoja pale anapojimwagia maji. Itiwe kwenye tofali, kwa boliti, si kwenye tailizi. Binti yangu alinikumbuka baada ya kumaliza choo, wakatoboa marumaru nzuri ikapasuka moja kwa moja mpaka juu. Kizingiti cha choo kiwe kifupi. Mguu wa mzee hauendi juu kama unavyodhani, na usiku ndio kabisa. Pawe na mahala pa kukaa anapotia udhu. Hata ukingo wa simenti wa kukalia unatosha, na fundi anaweza kuufunika kwa marumaru hizo hizo.

Jengine, angalia msimu. Karafuu zikianza, fundi wako wa Chake atapanda mikarafuuni, na huwezi kumlaumu, kwani pesa ya siku huko ni kubwa. Choo kitabaki kimevunjwa na mama yako atakwenda kuoga kwa jirani. Muulize mapema, kwa maneno ya wazi, na hilo nalo liandikwe.

Fundi wa Tomondo

Bi Mkubwa umesema jambo ambalo sisi mafundi tunalisahau. Mishikio iingie ukutani wakati wa plasta, na mahala pake papigwe picha kabla ya kufunikwa.

Nimesahau moja kwako mwalimu. Vyumbani zisibananishwe. Kuna mafundi wanaogusanisha tailizi na tailizi ili pasionekane ungio, na wenye nyumba wanafurahi. Joto likija zinatanuka na hazina pa kwenda, siku moja unasikia mlio kama kitu kimepasuka, unakuta mbili zimenyanyuka zimeegemeana kama hema. Weka misalaba ya plastiki ya milimita tatu, na pembezoni mwa ukuta acha upenyo wa kidole chembamba. Skating itauficha.

Mwalimu wa Chake

Mwenyezi Mungu awalipe nyote. Nimesoma kila neno, mengine nimemsomea na mama. Aliposikia habari ya mishikio alisema "huyo aliyeandika ana miaka mingapi?", akacheka, siku nyingi sijamsikia.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka nije na kitu cha kusema.

Wa laki nne nilimuuliza lile swali la kitu cha kwanza atakachofanya. Akasema, "Nachanganya udongo." Nikamshukuru, tukaagana kwa wema. Wa Unguja kazi yake naamini ni nzuri, lakini nilifikiri tailizi ikicheza baada ya miezi sita nitamwita vipi avuke bahari. Nikamwendea wa Chake, wa elfu nane. Akanipeleka Wawi kwenye nyumba aliyoifanya zamani, na mwenye nyumba, mama mmoja mwenye watoto watano, akanifungulia choo akasema "jimwagie maji mwenyewe uone." Nilimwaga ndoo nzima mlangoni. Maji yaligeuka yakanipita miguuni yakaenda zake. Wallahi nilisimama pale nikiyatazama mpaka yakesha.

Tumeandika karatasi. Choo kwa siku, vyumba kwa mita. Sheha kashuhudia.

Choo kimevunjwa. Fundi alipoing'oa ya kwanza aliniita, akaigeuza. Madonge matano. Manne pembeni, moja katikati, na baina yake tope jeusi. Nilimwonyesha yale maneno ya maandazi, akasema huyo aliyeyaandika kazi anaijua. Chini yake sakafu ilikuwa imelala upande wa mlango kwa sentimita mbili kamili, tuliipima kwa pimamaji pamoja. Kwa maana hiyo kila kata ya maji aliyojimwagia mama kwa mwaka mzima na zaidi ilikuwa inatumwa pale alipoweka mguu akitoka. Nilikaa kwenye ngazi ya nje kidogo nikajituliza. Fundi hakusema kitu, aliendelea kuzoa vifusi.

Sakafu mpya ilipigwa, ikamwagiwa maji kila siku na kufunikwa na magunia, kisha tukaiacha ikauke. Siku zote hizo tulioga kwa dada yangu nyumba ya pili. Dawa ikapakwa mikono miwili. Maji tuliyajaza Alkhamisi baada ya magharibi, Ijumaa baada ya magharibi mstari wa penseli ulikuwa umekaa juu ya maji kama ulivyochorwa. Gololi alileta mjukuu wa jirani, ana miaka sita, na kazi aliichukulia kwa uzito kuliko mtu yeyote. Pembe ya nyuma ya mlango ilisimama. Fundi hakubisha, alikwangua, akaongeza udongo kiasi cha kiganja, akasubiri ikauke, akapaka dawa tena, akamwita mtoto. Ikaenda.

Marumaru ni za thelathini, kijivu, zisizong'aa. Mishikio ipo miwili, nimening'inia mwenyewe kwa uzito wangu wote. Kikalio cha udhu kipo upande wa kushoto, mama alikaa akapimiwa urefu kama anayeshonewa nguo. Juzi nimepita na kijiko changu, tailizi zote sakafuni. Hakuna kifuu.

Katoni 55 za vyumba nimezinunua, namba moja zote. Nilisimama dukani na daftari nikazisoma, na mbili zilikuwa na namba tofauti, wakanibadilishia. Zimefika zimesimama kwa ubavu, mbili tu zimemeguka pembe, na fundi kasema zitafaa kwa skating. Zimepangwa ukutani chumba cha mwisho. Vyumba havitaanza sasa. Fundi mwenyewe kaniambia anakwenda kuchuma, atarudi msimu ukipungua, na limeandikwa kwenye karatasi.

Fundi wa Tomondo, nina swali moja limebaki. Sakafu ya ukumbi nimeigonga kama ulivyosema, na pembe ya upande wa kibla, kiasi cha mkeka mmoja, inaitika tupu. Nivunje pembe ile peke yake kabla hajarudi, au ukumbi mzima?

Fundi wa Tomondo

Pembe peke yake, mwalimu, lakini vuka nusu mita zaidi ya pale mlio unapokoma. Kata kwa grainda mstari ulionyooka, toa kifusi chote, jaza upya kwa matabaka ya sentimita kumi na tano, kila tabaka limwagiwe maji na lishindiliwe, kisha zege. Lipe siku ishirini na nane kabla ya marumaru. Yeye yuko mikarafuuni, muda unao.